Ubatizo, kuwekwa wakfu au ibada ya shukrani? Mwongozo kamili wa kuchagua ibada ya mtoto aliyezaliwa

Mtoto kazaliwa, na kabla hata wazazi hawajapata usingizi maswali yameanza: anabatizwa lini, kanisa gani, nani atasimamia. Bibi upande huu anataka maji kichwani haraka, rafiki wa kanisa lingine anasema mtoto mchanga habatizwi bwana, anawekwa wakfu tu, na katikati hapo wazazi wanachukua tarehe ya kwanza waliyopewa wanaanza kutafuta nguo nyeupe. Naomba msimame kidogo. Hizi ibada kwa nje zinafanana sana, mtoto kabebwa, watu wanaimba, sala, picha, lakini kila moja inasema kitu chake, na moja kati yake ikishafanyika kwenye makanisa mengi hairudiwi tena maisha yote ya huyo mtoto. Kwa hiyo tuchague kwa kujua tunachofanya.

Hatua ya kwanza: kaeni wawili mjue mnataka kusema nini mbele za Mungu

Kabla ya kumpigia mchungaji au padre simu, kila mzazi achukue karatasi yake aandike sentensi moja tu: siku hiyo nataka kumwambia Mungu nini. Andikeni kila mtu peke yake ndo mje mlinganishe, maana mkiongea tu yule mwenye maneno mengi atashinda na mwenzake atakaa na lake moyoni.

Mara nyingi mtaangukia kwenye moja ya haya matatu. Kuna "asante Mungu kwa mtoto na kwa mama yake kutoka salama". Kuna "huyu mtoto ni wako, tunakuahidi kumlea kwenye njia yako, akikua ataamua mwenyewe". Na kuna "tunataka aingie kwenye Kanisa lako sasa hivi, apewe neema yako hata kabla hajajua kuomba". La kwanza ni ibada ya shukrani, la pili ni kuwekwa wakfu, la tatu ni ubatizo. Kama mmoja kaandika la kwanza na mwenzake la tatu hakuna ubaya wowote, afadhali mmejua leo mkiwa sebuleni kuliko kujua mmeshasimama mbele ya madhabahu.

Hatua ya pili: zijueni ibada zenyewe

Ibada ya shukrani ndo nyepesi kuielewa na nadhani inadharauliwa bila sababu. Mizizi yake ni ya zamani mno, Walawi 12 inaeleza mwanamke aliyejifungua mtoto wa kiume alikaa siku 40 ndo akaenda na sadaka yake, na wa kike siku 80, na Luka 2 inatuonyesha Mariamu na Yusufu wakipanda Yerusalemu na sadaka ya watu wasio na uwezo, yaani ndege wawili. Waorthodoksi mpaka leo wanampeleka mama na mtoto kanisani siku ya 40. Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha mwaka 1662 kina ibada nzima ya mama kushukuru baada ya kujifungua, na vitabu vya karibuni vya Kanisa la Uingereza vina ibada ya kushukuru kwa zawadi ya mtoto, inayofanyika kanisani au hata nyumbani. Hapa kwa kawaida hamuulizwi kukiri imani wala hamfungwi na ahadi za ubatizo. Mnashukuru, mnaombewa, mtoto anabarikiwa, basi. Na haizuii kubatiza baadaye, hilo watu wengi hawalijui.

Kuwekwa wakfu, wengine wanaita kumbariki mtoto au kumtoa mtoto kwa Bwana, ni ya makanisa yanayoamini kwamba anayebatizwa lazima awe ameamini kwanza kwa kinywa chake: Wabaptisti, Wapentekoste, Wasabato, Wamenoni na wengine wengi. Maji hayatumiki. Mchungaji anambeba mtoto au anamwekea mikono, wazazi wanaahidi kumlea katika Bwana, na mara nyingi kanisa zima linasimama nalo linaahidi kuwasaidia. Jeshi la Wokovu nao wanaweka watoto wakfu, wao hawana kabisa sakramenti ya ubatizo kwenye ibada zao. Maandiko yanayosomwa sana ni Marko 10:13-16, Yesu akiwakumbatia watoto na kuwabariki, na habari ya Hana katika 1 Samweli 1. Hana yeye alimwacha Samweli kule Shilo kwa Eli moja kwa moja, kwa hiyo mkisoma ile habari isomeni yote, muone uzito wa neno mnaloenda kusema.

Ubatizo wa mtoto mchanga upo kwa Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri, Waanglikana, Wapresbiteri na Wareformed wengine (makanisa yanayofuata mafundisho ya Kalvini), Wamethodisti, Wamoraviani. Maji pamoja na maneno ya Mathayo 28:19, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Wanakubaliana kubatiza ila sababu haziko sawa, Mkatoliki ataanza na dhambi ya asili na kuzaliwa mara ya pili kwa maji na Roho (Yohana 3:5), Mpresbiteri ataanza na agano, kwamba kama mtoto wa Israeli alivyotahiriwa siku ya nane ndivyo mtoto wa waamini anavyopewa alama ya agano jipya (Wakolosai 2:11-12). Kwa Waorthodoksi mtoto anazamishwa mara tatu, anapakwa mafuta matakatifu na anapewa komunyo hata kama hajaota jino, wakati kwa Wakatoliki wa Kilatini, yaani walio wengi, komunyo ya kwanza na kipaimara vinasubiri akue.

Sasa ule ubishi mkubwa. Wanaobatiza watoto wanaonyesha nyumba nzima zilizobatizwa, ya Lidia na ya mlinzi wa gereza katika Matendo 16, ya Stefana katika 1 Wakorintho 1:16, na Matendo 2:39 inayosema ahadi ni kwa ajili yenu na kwa watoto wenu. Wasiobatiza watoto wanajibu kwamba hakuna mtoto mchanga anayetajwa kwa jina ndani ya hizo nyumba, na Marko 16:16 inaweka kuamini kabla ya kubatizwa. Watu wameteswa na kuuawa kwa hili, pale Zurich, Uswisi, Januari 1525 kikundi kidogo kilibatizana upya kikiwa cha watu wazima na miaka miwili baadaye mmoja wao akazamishwa mtoni na serikali ya mji mpaka akafa. Naleta habari hii muone kwamba mchungaji wa upande wowote akikwambia upande wa pili hawasomi Biblia, si kweli. Wanaisoma sana. Someni hizo aya wenyewe, jioni moja inatosha kuanza.

Hatua ya tatu: liulizeni kanisa lenu, msikisie

Nendeni kwa mchungaji, paroko au katekista mkiwa na maswali yenu. Mnafanya ibada ipi kwa watoto? Kama ni zaidi ya moja tunaruhusiwa kuchagua? Kuna mafundisho ya wazazi, ni vipindi vingapi? Ni lazima mzazi awe mshirika? Kuna madhehebu yanayobatiza watoto ambayo mchungaji atawaruhusu mfanye shukrani au kubariki tu mtoto asubiri, na kuna mengine hayatapenda.

Kwa Wakatoliki jibu liko wazi kiasi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 867, inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa ndani ya wiki za kwanza, kwa hiyo kukaa mwaka mzima mkisubiri hela ya ukumbi sio jambo ambalo Kanisa linalitaka, na mimi nasema wazi sherehe isiwe sababu kabisa. Kanuni ya 868 nayo inataka angalau mzazi mmoja akubali, na kuwe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani, tumaini likikosekana paroko anaweza kuahirisha na anatakiwa awaeleze sababu. Kama hamjawa tayari, liturujia ya Kikatoliki ina baraka za mama baada ya kujifungua na baraka za watoto, ombeni hizo. Watu wanaona aibu kuziomba wakati zipo kwenye kitabu.

Mzazi anayelea peke yake, au wawili ambao hawajafunga ndoa kanisani: msijihukumu kabla hamjaenda. Januari 2014 Papa Fransisko alibatiza watoto 32 kwenye Kikanisa cha Sistina na mmoja wao wazazi wake walikuwa na ndoa ya serikali tu. Mtoto haadhibiwi kwa hali ya wazazi. Mkipokelewa vibaya ofisini ombeni kuonana na padre au mchungaji mwenyewe, mwelezeni mnavyopanga kumlea huyo mtoto, mazungumzo mara nyingi yanabadilika hapo.

Hatua ya nne: kama nyinyi wawili ni wa makanisa tofauti

Hapa ndo pagumu na ndo pa kukaa muda mrefu.

Kwanza kumbukeni mliahidi nini siku ya ndoa. Mkatoliki anayeoa au kuolewa na Mkristo wa kanisa lingine huahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mwenzake anajulishwa ahadi hiyo. Mwenzake haahidi, anajulishwa. Watu wengi walisaini ile fomu bila kusoma na mtoto akija ndo ugomvi unaanza, kwa hiyo itoeni muisome tena pamoja.

Pili, ile suluhu ya "abatizwe kwenu leo halafu mwezi ujao kwetu" haipo. Makanisa karibu yote yanayobatiza watoto yanasema ubatizo ni mmoja na haurudiwi, ndivyo ilivyoandikwa hata kwenye hati ya Lima ya mwaka 1982 iliyotoka kwenye Baraza la Makanisa Ulimwenguni, na kule Magdeburg Ujerumani tarehe 29 Aprili 2007 makanisa 11, Wakatoliki, Walutheri na Wareformed, Waorthodoksi, Waanglikana, Wamethodisti na wengine, yalisaini kutambua ubatizo wa kila mmoja. Wabaptisti na Wamenoni hawakusaini, maana kwao ubatizo wa mchanga bado sio ubatizo. Maana yake kwenu ni hii: mtoto akibatizwa Kilutheri akaja kuwa Mkatoliki atapokelewa bila maji tena, lakini akienda kwa Wabaptisti au Wapentekoste akiwa mkubwa mara nyingi watamwambia ashuke kwenye maji mengi. Mjue hilo mapema, mzazi asije akaumia miaka 20 baadaye akidhani amekataliwa.

Ushauri wangu kwa wawili ambao kweli hamjakubaliana ni mfanye ibada ya shukrani kwanza, alikeni familia zote mbili, viongozi wa pande zote mbili wakikubali waombe, halafu mjipe muda wenye mwisho, mseme mpaka tarehe fulani tutakuwa tumeamua. Muda usio na mwisho unageuka kuwa miaka, na mtoto anakua bila upande wowote kumfundisha chochote. Mzazi ambaye kanisa lake linasisitiza ubatizo wa haraka aongee na padre wake akiwa na mwenzake, asibebe dhamira peke yake.

Na bibi asimbatize mtoto jikoni kwa siri. Linatokea, linafanywa kwa upendo, na linaleta vurugu kubwa kwa sababu baadaye hakuna anayejua kama mtoto kabatizwa au hapana, hakuna daftari, na wazazi wanajisikia wameibiwa haki yao. Mheshimuni mama yenu, mkae naye mumsikilize hofu yake, halafu mumweleze mlichoamua kwa heshima na msiyumbe.

Hatua ya tano: wasimamizi

Kwa Wakatoliki msimamizi ni mmoja, au wawili mwanaume na mwanamke, ametimiza miaka 16, amepata kipaimara na komunyo, anaishi imani, na asiwe baba au mama wa mtoto. Rafiki wa kanisa lingine aliyebatizwa anaweza kusimama kama shahidi pembeni ya msimamizi Mkatoliki. Waorthodoksi wanataka msimamizi awe Mworthodoksi. Kitabu cha 1662 cha Waanglikana kinasema mtoto wa kiume awe na wasimamizi wawili wanaume na mwanamke mmoja, wa kike kinyume chake. Kwenye kuwekwa wakfu wengi hawana wasimamizi rasmi ila unaweza kuomba ndugu wasimame nanyi.

Zaidi ya masharti, jiulizeni huyu mtoto akiwa na miaka 15, amekasirika, hataki kwenda kanisani, ni nani angemsikiliza? Huyo ndo msimamizi. Mwenye gari zuri na zawadi kubwa mpendeni, mwalikeni, lakini kama haombi hata chakula msimpe kazi ya kumfundisha mwanenu kuomba. Na mkishampata msimuarifu kwa meseji, nendeni mkamwombe ana kwa ana, mwambieni mnategemea nini kwake, mpeni nafasi ya kusema hapana.

Hatua ya sita: yasomeni maswali kabla ya siku yenyewe

Ombeni nakala ya ibada. Kwenye ubatizo wazazi na wasimamizi wataulizwa kama wanamkataa shetani na kazi zake, kama wanamwamini Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, kama watamlea mtoto kwenye imani. Yajibuni nyumbani kwa sauti. Kama kuna mmoja wenu anayeona hawezi kusema "naamini" kwa moyo mweupe, asilazimishwe kusema uongo kanisani kwa ajili ya picha ya familia. Anaweza kukaa kimya mwenzake akajibu, ongeeni na padre au mchungaji, au chagueni shukrani kwa sasa. Hili ndilo naliona la maana kuliko yote humu.

Maneno yenyewe ya ubatizo yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Agosti 2020 Vatikano ilitamka kwamba ubatizo uliofanywa kwa kusema "tunakubatiza" badala ya "nakubatiza" sio halali, na mwaka huohuo padre mmoja Marekani aliyewahi kuangalia video ya ubatizo wake wa utotoni na kusikia "tunakubatiza" ikabidi abatizwe na apadirishwe upya. Siwatishi, hao ni wachache sana. Ila kama mmerekodi video itunzeni.

Hatua ya saba: tarehe, na kama mtoto ni mgonjwa

Jumapili kwenye ibada kuu ndo pazuri, kwa sababu kanisa zima linashiriki, kwa Wakatoliki Jumapili au mkesha wa Pasaka ndizo zinazopendekezwa. Angalieni afya ya mama, asiburuzwe na kidonda cha upasuaji kwa sababu ya ratiba ya wageni. Mtoto anyonye kabla, na akilia acheni alie, hakuna mchungaji anayeshangaa.

Martin Luther alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483 akabatizwa kesho yake, sikukuu ya Mtakatifu Martin, ndo maana anaitwa hivyo. Zamani haraka hiyo ilitokana na vifo vya watoto kuwa vingi. Siku hizi kwa mtoto mwenye afya hakuna haja ya kukimbia hivyo, ila kama kazaliwa njiti au hali yake ni mbaya na kanisa lenu linabatiza watoto, msisubiri. Kwa Wakatoliki kwenye hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza, hata nesi asiye Mkristo, mradi ana nia ya kufanya kile Kanisa linachofanya: unamwaga maji kidogo kichwani ukisema jina la mtoto na "nakubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu". Walutheri na Waanglikana nao wanaruhusu mlei abatize kwenye dharura. Akipona hamrudii maji, mnaijulisha parokia au usharika iandikwe na sehemu zilizobaki za ibada zikamilishwe kanisani.

Na kama mtoto ameondoka kabla ya kubatizwa, wapendwa, msikubali mtu awaambie maneno makali. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Vatikano ilitoa hati inayoeleza sababu za kutumaini kwamba watoto hawa wako kwa Mungu, na sheria ya Kanisa inamruhusu askofu kukubali mazishi ya Kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza. Makanisa yasiyobatiza watoto nayo yanafundisha kwamba mtoto yuko kwenye rehema ya Mungu. Ombeni ibada ya kumwombea na kumtaja kwa jina lake.

Hatua ya nane: makaratasi

Siku ya kujaza fomu nendeni na cheti cha kuzaliwa, hakikisheni majina yameandikwa herufi kwa herufi sawasawa kwenye daftari, pamoja na ya wazazi na wasimamizi. Kwa Wakatoliki kwenye daftari la parokia aliyobatiziwa ndipo kipaimara na ndoa yake zitakuja kuandikwa pembeni ya jina lake, hata kama atakuwa anaishi nchi nyingine, kwa hiyo andikeni mahali jina la parokia, tarehe na namba ya daftari. Kwa kuwekwa wakfu na shukrani makanisa mengi yanatoa cheti mkiomba, na kiandikwe wazi ni cheti cha nini, kwa sababu akitaka kubatizwa au kufunga ndoa akiwa mkubwa jambo la kwanza atakaloulizwa ofisini ni kama amewahi kubatizwa, na asibaki anakisia. Pigeni picha ya kila karatasi, mmoja wa wasimamizi abaki na nakala.